Kielelezo Nacho Kikaguliwe

Katika somo la takwimu wanachuo wengi hujifunza kukokotoa kabla ya kujifunza kuhoji. Kwa maoni yetu, mpango huo una kasoro.

Tutazame njia ya Thomas Bayes, kasisi Mwingereza ambaye makala yake ilichapishwa mwaka 1763, baada ya kifo chake. Njia hii huanza na makisio tuliyo nayo kabla ya kupima, kisha huyarekebisha kadiri vipimo vinavyopatikana. Wapo wanaodai kwamba njia inayojirekebisha hivyo haihitaji ukaguzi. Dai hilo halina msingi. Kinachorekebishwa ni makisio yaliyomo ndani ya kielelezo. Kielelezo chenyewe hubaki kama kilivyowekwa.

Mwaka 1882 Simon Newcomb, mtaalamu wa nyota wa Marekani, alipima kasi ya mwanga mara 66. Vipimo viwili vilikuwa chini mno kuliko vingine. Baadaye Andrew Gelman na wenzake walivitumia vipimo hivyo kufundishia. Walichukua kielelezo cha mchoro wenye umbo la kengele, wakakifanya kizalishe mafungu 20 ya vipimo vya kubuni. Hakuna fungu hata moja lililokuwa na kipimo cha chini kama kile cha Newcomb. Ukokotoaji haukuwa na kosa, lakini kielelezo hakikufanana na mambo yalivyo.

Jambo hili lamhusu pia mwalimu wa shule ya msingi. Tuseme katika darasa la watoto 40, watoto 20 wamepata alama zinazokaribia 20, na wengine 20 wamepata alama zinazokaribia 80. Wastani ni 50, na hesabu ni sahihi. Lakini hakuna mtoto wa 50 darasani humo. Mwalimu atakayeandaa somo kwa ajili ya mtoto huyo atawaacha nyuma watoto 20, na kuwachosha 20 waliobaki.

Kwa hiyo, kabla ya kuamini jibu, yatupasa kujiuliza: kama kielelezo chetu kingekuwa kweli, tungetarajia kuona nini? Kisha tuchore alama zote ubaoni, tulinganishe. Si lazima kielelezo kilingane na kila kitu. Lakini kikipingana na lile tunalotaka kulijua, hatuna budi kukibadili. Anayeumizwa na kielelezo kisichokaguliwa ni mtoto.