Sementi ya Mpangaji

Tangu sehemu ya jumba la Beit al-Ajaib ilipoporomoka tarehe 25 Desemba 2020, mjadala wa Mji Mkongwe wa Zanzibar haubanduki kwenye majumba ya kifalme. Nyumba za kuishi watu za Malindi, Kiponda na Sokomuhogo hutajwa pale tu wapangaji wake wanapolaumiwa kwamba wanaua mji kwa sementi. Lawama hiyo imenichosha, na toleo hili la jarida nimelipanga ili niijibu.

Kwamba sementi inaharibu, halina ubishi. Ukuta wa mawe ya matumbawe uliojengwa kwa chokaa hunywa maji ya masika, kisha huyatoa jua likiwaka. Ukiupiga lipu ya sementi, maji hubaki ndani, palepale vichwa vya boriti vilipozamishwa ukutani. Chumba kinaonekana kizima, kimepakwa rangi juzi tu, kumbe boriti inaoza taratibu hadi sakafu ya ghorofa inabonyea.

Sasa tumtazame aliyeipiga lipu hiyo. Baada ya Mapinduzi ya 1964 nyumba nyingi ziliingia mikononi mwa serikali, nyingine ni za wakfu, na jumba lililojengwa kwa ukoo mmoja likagawanywa chumba kwa chumba. Paa linavuja kwa wa juu, maji yanamteremkia wa chini, na ngazi ya wote haina mwenyewe. Chokaa inataka kulowekwa muda mrefu, inataka fundi anayeijua, na zaidi ya yote inamtaka mtu mwenye hakika kwamba mwakani atakuwa bado yumo ndani. Mfuko wa sementi uko dukani, na kesho kazi imekwisha. Asiye na mkataba wa maana akichagua sementi, amepiga hesabu sahihi. Ugonjwa uko kwenye upangaji, na faini haiutibu. Apewe mkataba wa miaka mingi, alichotumia kwenye paa kikatwe katika kodi, na chokaa iliyokwisha kulowekwa iuzwe mtaani kwa bei ya kumudu. UNESCO ilipouingiza mji huu katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, watu walikuwa wanaishi humo.

Kati ya makala za toleo hili, ile ya Ng'ambo, mitaa iliyo nje ya Mji Mkongwe, isomwe kwanza, maana baadhi ya waliohamia vyumba hivi walitoka huko. Ya Mji wa Kale wa Mombasa inahusu milango, na picha zake ni nzuri.

Makala ya mwisho inazitetea hoteli zilizofunguliwa katika nyumba za namna hii. Mwandishi yuko sahihi kuhusu kuta: Shangani ziko nyumba ambazo bila fedha za wageni zingekuwa kifusi. Ila katika kurasa zake zote hamna mkaazi hata mmoja aliyehamishwa. Nimemwomba atuandikie tena toleo lijalo, atueleze familia zilizotolewa katika vyumba vile zinaishi wapi sasa, na nani alizilipa.