Baridi ya Kulipia

Tangazo liliingia kwa simu Ijumaa jioni, saa ile mshahara umefika na akili imeondoka. Picha ya mlima, mwezi, hema la rangi ya chungwa. Chini yake maneno: lala kwenye hoteli ya barafu ya Kenya kabla haijayeyuka. Siku nne, njia ya Naro Moru, kiongozi na mapota wamo ndani ya bei, shilingi elfu ishirini na nane. Nililipa nikiwa ndani ya matatu, kabla hata hatujafika Pangani.

Naandika haya nikiwa na hasira, na wacha niseme mapema kwamba sehemu kubwa ya hasira hiyo ni juu yangu mwenyewe.

Hoteli ya barafu ya kweli iko Uswidi, kijiji cha Jukkasjärvi, kaskazini kabisa. Walianza mwaka 1989. Kila msimu wa baridi wanakata vipande vya barafu kutoka Mto Torne, wanajenga vyumba, mgeni analala juu ya ngozi za kulungu wa huko katika nyuzi tano hivi chini ya sifuri, na joto likirudi jengo lote linayeyuka na kurudi mtoni. Tangu 2016 wana hata sehemu isiyoyeyuka kiangazi, inapozwa kwa umeme wa jua. Hebu fikiria. Wenzetu wanatumia jua kulinda barafu ya kuchezea. Letu linatumaliza tukitazama.

Kwetu, "hoteli" iligeuka kuwa Austrian Hut, kibanda cha vitanda vya mbao kilichoko mita 4,790, kando ya barafu ya Lewis. Kilijengwa kwa msaada wa Waaustria baada ya mpandaji wao, Gert Judmaier, kuvunjika mguu karibu na kilele cha Batian mwaka 1970 na kushushwa akiwa hai baada ya zaidi ya wiki nzima. Ni kibanda cha heshima na sina ugomvi nacho. Ugomvi wangu ni na walioniuzia.

Saa tatu usiku maji ya chupa yangu yalikuwa yameshika barafu. Nilivaa soksi jozi tatu, suruali mbili, mavin mbili, kabuti la kukodi, nikaingia ndani ya begi la kulalia lililoandikwa eti linahimili nyuzi kumi chini ya sifuri. Sikulala. Kichwa kilikuwa kinagonga kama mtu anayedai rent. Saa saba na nusu nikatoka kwenda haja, na nikipita penye mapota wanapikia nikaona mwanga wa tochi ya simu.

Alikuwa yule jamaa aliyebeba begi langu tangu getini. Ameketi kando ya jiko lililozimwa, miguu yote miwili ndani ya gunia la viazi. Raba zake zilikuwa zimelowa tangu jana yake kwenye lile tope wanaloliita Vertical Bog, na alikuwa ameziweka kifuani, ndani ya sweta, zisigande.

"Bosi, hujalala?"

"Wewe je?"

"Mabegi ya kulalia yaliletwa mawili na sisi tuko wanne. Tunapokezana. Zamu yangu ni saa nane."

"Na mnaamka saa ngapi?"

"Saa tisa maji ya chai yenu lazima yawe motoni."

Nilipiga hesabu. Saa moja. Mtu aliyebeba nguo zangu za ziada, viti vya kukunja na mtungi wa gesi hadi karibu mita elfu tano alikuwa na haki ya kulala saa moja. Nilisema pole, neno la bei rahisi kuliko yote. Akanijibu, "Usijali, bosi. Sisi tumezoea."

Hilo "tumezoea" ndilo lililonifanya niandike. Nimelisikia likirudiwa na kila mtu, kuanzia ofisi ya kampuni hadi wenzangu wa safari: hawa ni watu wa mlima bana, baridi ni yao. Si kweli. Mji wa Naro Moru uko kama mita elfu mbili juu ya bahari. Watu wake wanalima viazi, wanalala chini ya blanketi mbili, na wakisema "heho" asubuhi ya Julai wanamaanisha baridi kama sisi wengine. Kati yao hakuna aliyezaliwa mita 4,790. Mapafu yanajaa maji bila kuuliza kitambulisho. Anayesema amezoea mara nyingi anasema tu kwamba akilalamika, safari ijayo hataitwa.

Huu mchezo haukuanza na Instagram. Halford Mackinder alifika kilele cha Batian tarehe 13 Septemba 1899, na tunajua majina ya Waitaliano wawili waliomwongoza, César Ollier na Joseph Brocherel. Wapagazi waliomfikisha hapo, wakiwemo Waswahili waliotoka pwani, walikuwa wengi, na wengi wetu hatujui hata jina moja. Kumbukumbu za msafara huo zinaonyesha orodha ya wapagazi ambamo wanane wameandikiwa kwamba walipigwa risasi kwa amri. Bonde zima na kambi ya watalii vimepewa jina la Mackinder, na tunalitaja tukinywa supu.

Katika wote waliopanda mlima huu kwa kujitafutia taabu, ninayemvulia kofia ni Felice Benuzzi. Januari 1943, yeye na wenzake wawili walitoroka kambi ya wafungwa wa vita ya Waingereza pale Nanyuki, na vifaa vya kujiundia wenyewe na chakula cha kudunduliza, wakapanda. Mmoja aliugua akabaki chini. Wawili wakafika Lenana, wakasimika bendera ya Italia, kisha wakarudi kambini kujisalimisha. Wazimu mtupu. Lakini mizigo waliibeba wenyewe.

Mnisamehe, najua jibu linalokuja: tukiacha kwenda, jamaa atakula nini? Ni swali halali, na silijibu kwa kusema tusiende. Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo wahenga walivyopanga. Sasa niambie mwenyeji alipona wapi katika ile elfu ishirini na nane yangu. Nilimuuliza. Elfu moja kwa siku, nauli juu yake, na tip "mkijisikia". Tulikuwa wateja saba. Piga hesabu mwenyewe, halafu uniambie kwamba begi la tatu na la nne la kulalia ndilo lingeifilisi kampuni.

Na usiniambie ni tabia ya wazungu. Katika kundi letu hakukuwa na mzungu hata mmoja. Tulikuwa watu wa Kasarani, Rongai, Ruaka, vijana wa hashtegi za kutembea Kenya. Tulimwita mtu mwenye umri wa miaka thelathini na moja "boy wetu". Tulipiga picha mia nne na kitu, nimezihesabu, na hayumo hata kwenye moja, isipokuwa mkono wake umeshika kikombe changu.

Sasa tuje kwa barafu yenyewe, maana ndiyo iliyokuwa chambo.

Asubuhi, tukishuka kutoka Lenana, alinionyesha mwamba mkavu. Alipoanza kazi akiwa na miaka kumi na tisa, aliniambia, barafu ilikuwa inafika hapo. Sasa ilikuwa mbali chini, ya kijivu, imechafuka kama bati la zamani. Wanasayansi wamelipima hilo: kati ya 1934 na 2010 Lewis ilipoteza karibu asilimia 90 ya ujazo wake. Barafu ya jirani yake, Gregory, imeisha kabisa. Mwanzoni mwa karne iliyopita mlima huu ulikuwa na barafu 18, na Shirika la Hali ya Hewa Duniani limeshaonya kwamba katika miaka ya 2030 huenda pasibaki kitu. Afrika nzima inatoa chini ya asilimia 4 ya gesi zinazopasha dunia joto. Hata mzigo huu tunawabebea wengine.

Kwa wazee wa Kikuyu, pale juu ndipo Ngai anapopumzika, na anayeomba huuelekea mlima. Huhitaji kuamini hivyo ili uone aibu ya lile tangazo. "Kabla haijayeyuka." Kwetu mtu akiwa mahututi unaenda kumwona ukiwa umebeba kitu. Akifa, unachanga matanga. Hukati tiketi, hupigi selfi kando ya kitanda, na zaidi ya yote humfanyi ndugu wa mgonjwa akubebee kiti ukae ukitazama.

Barafu ikiisha, kampuni itahamia kuuza kitu kingine, maporomoko au mianzi. Mimi nitapata mahali pengine pa kwenda kujisikia jasiri. Yule jamaa atabaki na mlima, na magoti aliyoyachosha akiwa thelathini. Upande wa Kilimanjaro, tangu 2003 kuna mradi unaofuatilia jinsi wapagazi wanavyolipwa, wanavyolishwa na mahali wanapolala, na mteja anaweza kuuliza kampuni ipi inashirikiana nao kabla ya kutoa hata shilingi. Haujamaliza dhuluma zote, lakini umewapa wateja swali la kuuliza. Sisi huku tunauliza kama kuna mtandao Shipton's.

Tuliposhuka getini nilimpa mavin zangu zote mbili na kabuti, kisha nikakumbuka kabuti ni la kukodi, ikabidi nilichukue tena mbele ya watu. Alicheka sana. Nimecheka pia, lakini bado linaniuma.

Wiki iliyopita tarehe za Disemba zilitangazwa, na picha ileile ya hema la rangi ya chungwa. Nimewaandikia: pota analipwa ngapi kwa siku, anabeba kilo ngapi, analala ndani ya nini? Tiki mbili za buluu. Baadaye kidogo wakanitumia bei, na ujumbe kwamba nikileta marafiki watano mimi naenda bure.