Wasee, Kisu Kikubwa Hakikulindi: Kwa Nini Nimekataa Buck na Kuchagua Opinel

Wacha nitoe aibu yangu mwenyewe kabla mtu mwingine hajanitolea. Siku niliyoibiwa simu, nilikuwa na kisu mfukoni. Na si kale ka kuchonga penseli. Ilikuwa Buck 110, kisu cha kukunja cha Marekani, makali ya karibu sentimita 9.5, mpini wa mbao na shaba ya manjano kwenye ncha zote mbili. Zawadi ya anko anayeishi Texas. Nilikuwa nimetembea nacho miezi minne nikijiona mwanaume kamili.

Ilikuwa saa moja jioni, juu ya daraja la waenda kwa miguu. Jamaa wawili. Mmoja akanikaba ngeta kutoka nyuma, mwingine akaanza kunipekua. Mkono wangu haukukaribia hata mfuko. Simu ikaenda, pochi ikaenda, halafu yule wa kupekua akakipata kisu. Akakifungua polepole, kwa mikono miwili, kama mtu anayekagua kitu dukani. Kikalia ka! Akakiweka mbele ya uso wangu. Kisu changu mwenyewe, nilichokuwa nimekinoa juzi yake. Akacheka, akakikunja, wakaondoka nacho.

Sikukatwa, namshukuru Mungu. Lakini tangu siku hiyo, mtu akiniambia "beba kisu kikubwa buda, mtaa ni mbaya," napandwa na hasira ambayo siwezi kuificha.

Sasa wiki iliyopita anko akapiga simu. Anakuja Desemba. "Kijana, nikuletee ingine kama ile?" Nikamwomba siku mbili nifikirie. Kwa sababu kwenye kibanda cha matunda cha mathee kuna kisu kingine ambacho kimekuwa kikinifunza adabu polepole: Opinel No. 10, kutoka Ufaransa, makali ya sentimita 10, mpini wa mbao tu, hakuna madoido. Binamu yangu anatembeza watalii Mara. Mgeni mmoja alimwachia, naye akampa mathee.

Kwa hivyo hapa kuna visu viwili vya kukunja, vyote vikubwa, urefu wa makali karibu sawa. Nimewauliza maboyz wangu nichague gani. Wote, bila hata kupumua, wakasema Buck. "Ile ni chuma, hii ingine ni kisu ya shosho."

Mimi nasema wamekosea wote. Na nitawaambia kwa nini.

Kwanza tuache kudanganyana kuhusu hili neno "kila siku." Mimi nauza viatu vya mtumba mtandaoni na nikipata nafasi namsaidia mathee kibandani. Wiki jana niliandika kwenye simu kila kitu nilichokata. Selotepu ya mizigo, mara nyingi mpaka nikaacha kuhesabu. Kamba za gunia. Maboksi. Uzi uliochomoza kwenye viatu. Mananasi, maembe, matikiti, parachichi. Mkate. Nyama choma Jumapili. Adui niliowakata: sifuri. Hiyo ndiyo "kila siku" yangu, na nina hakika yako haiko mbali sana na hiyo. Kama unafikiri nadanganya, andika yako wiki moja uone.

Sasa angalia Buck ilitengenezewa nini. Ilitoka mwaka 1964, na jina lake la pili ni Folding Hunter. Ni kisu cha mwindaji, mtu wa kuchuna paa porini Idaho na kutaka kisu imara ambacho kinakunjika. Kwa kazi hiyo ni kisu kizuri sana, sitasema uongo. Lakini sisi huku uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, kabla wengi wa wazazi wetu hawajaoana. Sasa wewe unayeishi Umoja na unafanya kazi kwa duka la simu, unawinda nini?

Halafu uzito. Buck 110 ina karibu gramu 200. Hiyo ni kama kutembea na simu ya pili mfukoni, ila hii haipokei M-Pesa. Jeans inashuka upande mmoja, unatembea ukiivuta kama mtoto wa nasari. Wenyewe walijua ni kizito, ndiyo maana kinauzwa na ala ya kuning'iniza kwenye mshipi. Haya, jaribu kupita Moi Avenue na ala ya kisu kiunoni halafu uje unisimulie.

Opinel ina historia tofauti kabisa. Joseph Opinel aliianza mwaka 1890 huko Savoie, milima ya Ufaransa, akiwa na miaka 18. Kijana kama sisi. Na wateja wake walikuwa wakulima na vibarua, watu wa kukata mkate, jibini na matawi ya mizabibu. Kisu cha mtu anayeenda kazi. Ukikishika unahisi hiyo: ni chepesi, mbao inakaa kwenye kiganja vizuri, na bapa lake ni jembamba.

Na hapo kwa wembamba ndipo ubishi unaisha. Kabla Buck yangu haijaibiwa, nilizijaribu zote mbili kibandani, nanasi moja moja. Bapa la Buck lina unene wa karibu milimita 3 mgongoni. Linaingia, sawa, lakini likifika katikati linaanza kupasua badala ya kukata. Maji yanamwagika, vipande vinatoka vimevunjika. Opinel ilipita ndani ya nanasi kama haikukutana na kitu. Mathee alikata matano bila kusema neno, akaipangusa na kitambaa, akaiweka upande wake. "Hiyo ingine yako peleka nyumbani," akaniambia, "inanimalizia nanasi."

Yule fundi wa kunoa anayepita mtaani na baiskeli yake ya jiwe naye niliulizia. Aliangalia zote mbili, akapitisha kidole gumba pembeni mwa makali, akasema hii nyembamba mtu anaweza kunoa nyumbani dakika tano, haihitaji yeye. Fundi anayejikosesha mteja anasema ukweli.

Sasa nisiwe mtu wa upande mmoja, maana ubishi wa namna hiyo ni wa watoto. Opinel ina shida zake. Moja, haijifungi yenyewe ukiifungua. Kuna pete ya chuma shingoni, iliongezwa mwaka 1955, na lazima uizungushe na vidole ndiyo makali yasikukunjikie. Ukisahau, utajua hujui. Buck inajifunga yenyewe, ka!, na kifungio chake ni imara kweli. Mbili, mbao ya Opinel ikilowa inavimba, kisu kinakataa kufunguka. Msimu wa mvua za Aprili tulikuwa tunagonga kitako cha mpini juu ya meza ndiyo makali yachomoze kidogo, kumbe hata Wafaransa wenyewe hufanya hivyo hivyo. Tatu, ile yenye chuma cha kawaida hupata kutu na kuwa nyeusi ukikata ndimu au embe. Dawa ipo: nunua iliyoandikwa INOX, hiyo ni chuma cha pua, na uikaushe kila ukimaliza. Na Buck ina dhamana ya maisha. Hiyo ni pointi yao, nawapa.

Lakini weka hayo yote kwenye mizani. Kwa bei ya Buck moja unapata Opinel mbili na chenji inabaki. Inakata vizuri zaidi vitu ambavyo kweli unakata. Na muhimu kuliko yote: ukiitoa mbele ya watu, hakuna anayeruka. Nikitoa Opinel kufungua boksi la mteja, mteja anauliza, "Hiyo kisu ni poa, ulitoa wapi?" Nilipokuwa natoa Buck, mtu alirudi hatua moja nyuma. Niliona. Na nitakiri, wakati huo nilifurahia ile hatua moja. Hapo ndipo ugonjwa ulipo.

Kwa sababu ukweli ni huu, wasee. Wengi wetu hatuchagui kisu. Tunachagua ile hatua moja ya nyuma. Tumechoka kuogopa, tunataka angalau siku moja mtu mwingine ndiye aogope. Nakuelewa kabisa, mimi nilikuwa hapo. Ila kisu kilichochaguliwa na woga kitakuangusha siku ile ile woga wako umetimia. Kiliniangusha mimi.

Najua unachosema moyoni: "Basi tafuta kile kinafunguka kwa kidole kimoja, haraka." Sikiza. Mkono uliokabwa haufungui chochote, kiwe cha kidole kimoja au kumi. Na tuseme ungefaulu. Uko juu ya daraja, gizani, nao ni wawili, na kisu kiko wazi. Sasa simu ya elfu kumi na tano imegeuka kuwa suala la nani atalala mortuary. Hiyo biashara siitaki, hata nikihakikishiwa kwamba si mimi.

Halafu kuna sheria, ambayo hawa wa "beba chuma" huwa hawakwambii. Kifungu cha 308 cha Sheria ya Adhabu ya Kenya kinasema ukipatikana na silaha hatari katika mazingira yanayoonyesha ulikusudia kufanya uhalifu mkubwa, ni jela isiyopungua miaka 7 na isiyozidi 15. Utasema, "Lakini mimi sikukusudia kitu." Sawa. Sasa mweleze askari saa nne usiku, una miaka 19, umevaa hudi, na mfukoni una kitu kinachoitwa kisu cha mwindaji. Jamaa yangu mmoja aliwahi kueleza hivyo. Alieleza mpaka asubuhi, akiwa seli, mpaka mamake alipokuja na risiti za kazi yake ya kufunga mizigo. Aliachiliwa. Lakini alikosa mtihani wa siku hiyo, na mtihani hauna dhamana ya maisha.

Kwa hivyo hata Opinel, ninayoisifu hapa kama ndugu yangu, siibebi kila mahali. Siku ya kupakia mizigo au kwenda kibandani, iko kwenye begi, imekunjwa, pete imefungwa. Siku ya kwenda tao kupiga stori, club, uwanjani, au maandamano, inabaki nyumbani. Maandamano hasa. Sheria inakataza silaha kwenye mikutano na maandamano ya umma, na kijana mmoja mwenye kisu anatosha kuharibia elfu moja waliobeba bendera na maji ya kunywa.

Dada yangu mdogo aliniuliza swali ambalo lilininyamazisha. Anatoka college saa mbili usiku. "Sasa mimi nibebe nini?" Sina jibu tamu. Nilimwambia kile tunachofanya sasa: wanatoka watatu au wanne pamoja, ana boda mmoja anayejulikana na nyumba nzima, ananitumia ujumbe akipanda na akishuka, na akikabwa simu aitoe, apige nduru, akimbie. Haitoshi, najua. Taa za ile barabara zinafaa kuwaka na haziwaki. Lakini kumwekea kisu kwenye handbag ni kumpa adui yake silaha na kujidanganya kwamba nimemlinda.

Jana nikampigia anko. Nikamwambia, "Anko, asante sana kwa ile Buck, ilikuwa kitu safi. Lakini usiniletee ingine. Niletee Opinel No. 10, iliyoandikwa INOX." Akanyamaza kidogo. Akauliza, "Ile ya mbao? Hiyo itakusaidia nini wakija tena?"

Nikamwambia haitanisaidia chochote. Wakija tena nitawapa simu. Kisu ni cha mananasi.

Akacheka, akasema ataleta mbili, moja ya mathee.

Kwa wengi wenu hata No. 8 inatosha, makali yake ni sentimita 8.5 na inaingia mfukoni bila kelele. Lakini kabla ya kununua chochote, fanya ile orodha ya wiki moja. Andika kila ulichokata. Kama mwisho wa wiki orodha iko tupu, huhitaji kisu. Unahitaji kuongea na mtu kuhusu kile unachoogopa, na niamini, hauko peke yako.

Haya, nimemaliza. Wa Buck sasa mnaweza kunitusi.