Mwalimu husomwa kuliko kitabu

WAHENGA walinena kwamba mwana hutazama kisogo cha nina. Hawakusema kwamba husikiliza mawaidha ya nina. Walijua kuwa mtoto hujifunza zaidi kwa kuangalia kuliko kwa kuambiwa. Usemi huo unatuhusu sana sisi walimu, kwani mwanafunzi hukaa nasi saa nyingi za mchana kuliko anavyokaa na wazazi wake.

Miaka michache iliyopita nilikwenda kuwakagua wanafunzi wangu wa chuo kikuu waliokuwa katika mazoezi ya kufundisha. Mmoja wao alifundisha somo la Kiswahili kwa ufasaha wa kupigiwa mfano. Alieleza ngeli kwa mifano mwafaka, akamaliza kwa kuwahimiza wanafunzi wakionee fahari Kiswahili. Kengele ikalia. Papo hapo akamgeukia kijana aliyekuwa amevaa shati chafu, akamkaripia kwa Kiingereza. Mlangoni akakutana na mwalimu mwenzake, wakaanza kutaniana kwa Sheng.

Wakati wa mapumziko nilimwona mwanafunzi mmoja akiwachekesha wenzake kwa kumwigiza mwalimu yule yule. Alimpatia barabara: namna alivyoishika chaki, namna alivyokuna kidevu akifikiri. Alipoigiza kufundisha, alitumia Kiswahili. Alipofika mahali pa kukaripia, akahamia Kiingereza. Na alipotaka utani, akaingia katika Sheng. Hakuna aliyemfundisha mgao huo wa lugha. Hata mwalimu mwenyewe nadhani hakujua kwamba anao. Lakini kijana alikuwa ameuhifadhi wote, na maana yake ilikuwa wazi: Kiswahili ni lugha ya dakika 40, Kiingereza ni lugha ya mamlaka, na Sheng ni lugha ya urafiki.

Hilo ndilo somo lililoingia kichwani siku hiyo. Ngeli huenda zilisahauliwa kabla ya chakula cha mchana.

Naeleza kisa hiki kwa sababu tumezoea kudhani kwamba hadhi ya Kiswahili huletwa na sheria na mitaala. Sheria zimetimiza wajibu wake. Kiswahili kilifanywa somo la lazima na la kutahiniwa katika shule za msingi na za upili mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka wa 1985. Katiba ya mwaka wa 2010, katika kifungu cha 7, ilikitambua kuwa lugha ya taifa na vilevile lugha rasmi sambamba na Kiingereza. Mwaka wa 2021 UNESCO iliitangaza Julai 7 kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Hata hivyo, sheria haina kinywa. Mwanafunzi huisikia kupitia kinywa cha mwalimu, na kinywa hicho kikisema hivi darasani na vile uani, mwanafunzi huamini cha uani.

Najua nitajibiwa kwamba lugha ya kufundishia masomo mengi ni Kiingereza, na kwamba mwalimu wa fizikia hana hatia. Ni kweli. Simwombi mtu yeyote afundishe fizikia kwa Kiswahili, wala sikipuuzi Kiingereza, kwani nacho kina manufaa yake. Nazungumzia salamu za asubuhi, matangazo ya gwarideni, pongezi na karipio. Mambo haya hayamo katika mtihani wowote, lakini ndiyo yanayomwonyesha mtoto lugha ipi ni ya watu wa maana.

Nitajibiwa pia kwamba mwalimu ana mzigo mkubwa: madarasa yaliyofurika na mshahara usiokidhi haja. Hilo nalo ni kweli, na wanaodai haki zake wana sababu ya kudai. Lakini kuwa kielelezo si kazi ya ziada ambayo mwalimu anaweza kuikataa hadi alipwe. Anaigwa apende asipende. Anachoweza kuchagua ni kile kitakachoigwa.

Wala sijitoi lawamani. Mara ngapi mwanafunzi amenibishia hodi ofisini na kunisalimu kwa Kiswahili, nami mhadhiri wa isimu nikamjibu kwa Kiingereza bila kufikiri? Mwanafunzi huyo kesho atakuwa mwalimu. Kosa langu la sekunde mbili huenda likaishi darasani mwake kwa miaka 30.

Kwa bahati njema, mema nayo huigwa. Nilipokuwa shule ya msingi, mwalimu wetu wa Kiswahili aliandika ubaoni neno "dhamani", akikusudia bei au ubora wa kitu. Msichana mmoja akauliza kwa woga kama si "thamani". Mwalimu akashikilia lake, sisi wengine tukamcheka msichana. Kesho yake mwalimu aliingia na kamusi. Akamwita msichana yule mbele, akamwomba atusomee maelezo ya neno "thamani", kisha ya neno "dhamana". Halafu akatutazama, akasema, "Jana nilikosea. Mwenzenu alikuwa na haki." Akafuta, akaandika upya.

Sikumbuki mengi aliyotufundisha mwaka ule. Nakumbuka kwamba mtu mzima, mwenye fimbo na cheo, alikubali kosa mbele ya watoto. Nakumbuka kwamba kitabu kilikuwa na uwezo kumshinda yeye, naye hakuona haya. Ikiwa leo nina mazoea ya kufungua kamusi kabla ya kubishana, niliyapata siku ile, wala hayakuwa katika mpango wa somo.

Mwalimu mwenzangu, kesho asubuhi utaingia darasani na kitabu mkononi. Wanafunzi watakifungua ukiwaamuru, na watakifunga kengele ikilia. Wewe hawatakufunga. Watakusoma ukivuka ua, ukimsalimu mpishi, ukimkemea aliyechelewa, ukigundua kwamba umekosea. Nawe uliye mwanafunzi unayenuia kuwa mwalimu, anza sasa kuchunguza unachokiiga, kwani maji hufuata mkondo, na mkondo huo kesho utakuwa wewe.