Vitabu vya Mapenzi na Upelelezi Visitupwe

Wako wazee wetu wasemao kwamba kijana akionekana na kitabu cha mapenzi au cha upelelezi amekwisha kupotea. Sisi twakataa.

Mradi wa UNESCO wa kisomo cha watu wazima, ulioanza mwaka 1968, ulifika mkoani kwetu, wakati ule ukiitwa Ziwa Magharibi. Watu walijifunza kusoma kwa vitabu vya kilimo. Vema; lakini nani atarudia kitabu cha mbolea usiku, mara ya tatu, kwa taa ya chemli?

Mtazameni Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, katika Mzimu wa Watu wa Kale, 1960. Maiti imeonekana mzimuni, watu watetemeka. Yeye avuta kiko chake, auliza maswali, amtafuta aliyeua. Hamtaji mchawi. Katika mikoa yetu ya Ziwa, ambako vikongwe wameuawa kwa kosa la macho mekundu, kitabu hicho chafaa kuliko hotuba zetu kumi. (Na hotuba zetu ni ndefu.)

Rosa Mistika ya Kezilahabi, 1971, ilipigwa marufuku mashuleni. Habari zake ni za Ukerewe, ng'ambo ya maji tu. Baba ampiga binti kwa barua ya mvulana. Nani kati yetu haijui nyumba kama hiyo?

Tusivyovipenda ni vile ambamo msichana huokolewa na tajiri mwenye motokaa, wala hakuna mtu achumaye kahawa. Hivyo msivinunue.

Twataka kila ofisi ya kata, toka Katerero hata Nshamba, iweke kabati la vitabu, na ufunguo asipewe mtu wa kuvificha.