Mguu wa Bandia na Mazoezi Yake Viwe Chini ya Paa Moja



Wapendwa wanaparokia, katika tafakari ya juma hili tunapenda kuzungumzia mguu wa bandia. Huenda wapo watakaosema kwamba hayo ni mambo ya waganga na mafundi. Lakini kisukari na ajali za bodaboda vimekwisha kuyaingiza katika jumuiya zetu ndogo ndogo, na bahasha za michango ya miguu hiyo hupita mikononi mwetu. Yafaa basi tujue tunachokichangia.

Safari ya mtu aliyekatwa mguu huanza kabla mguu wa bandia haujatengenezwa. Kigutu hufungwa bendeji ili uvimbe upungue na kipate umbo zuri. Goti na nyonga hunyooshwa kila siku, kwa maana kiungo kinachoachwa kimekunjwa hukakamaa, na goti lililokakamaa haliukubali mguu wa bandia, hata uwe wa thamani kubwa kiasi gani. Hiyo ni kazi ya mtaalamu wa fiziotherapia. Ndipo mtaalamu wa viungo bandia huchukua vipimo, hutengeneza kikombe kinachovikwa kigutu, na kuuunga mguu na wayo wake. Kisha mgonjwa husimama baina ya vyuma viwili sambamba, akajifunza upya kuhamisha uzito, kupanda ngazi, na kuinuka akianguka. Wahenga walisema, kuzaa si kazi, kazi ni kulea.

Tena kigutu huendelea kusinyaa kwa miezi mingi. Kikombe kilichomkaa mtu vema leo chaweza kumpwaya au kumchubua baadaye. Kwa mwenye kisukari, ambaye ganzi humzuia asisikie maumivu, mchubuko huo waweza kuwa kidonda, na kidonda kikamrudisha kwenye chumba cha upasuaji.

Hapa ndipo msimamo wetu ulipo: anayetengeneza mguu na anayemfundisha mtu kuutumia wafanye kazi katika kliniki moja. Mtaalamu wa fiziotherapia ndiye amwonaye mgonjwa akichechemea. Mtaalamu wa viungo bandia ndiye mwenye zana za kurekebisha. Wakiwa pamoja, kasoro ndogo yaweza kurekebishwa asubuhi ile ile na mazoezi yakaendelea. Wakitenganishwa, mgonjwa hugeuka tarishi: hubeba karatasi kutoka hospitali hii hadi karakana ile, kwa magongo, kwa nauli ya kuazima. Safari ya pili huiahirisha, ya tatu haifiki, na mguu uliochangiwa na watu wengi ukabaki uvunguni mwa kitanda.

Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani, pamoja na chama cha kimataifa cha viungo bandia, ISPO, lilitoa viwango vya huduma hii. Viwango hivyo vinataja hatua nne: kumpima mtu, kutengeneza na kumvalisha kiungo, kumfundisha kukitumia, kisha kumkabidhi na kumfuatilia. Kukabidhi kiungo kunakuja baada ya mafunzo, wala si kabla.

Wapo wanaosema kwamba wataalamu ni wachache, na tukiwakusanya mahali pamoja, mtu wa kijijini atazidi kuwa mbali. Hoja hii ina uzito. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, unataka huduma za utengamao zianze mapema, zitegemee upimaji wa wataalamu wa fani mbalimbali, na ziwe karibu na watu, hata vijijini. Lakini umbali huumiza zaidi pale safari zinapokuwa nyingi. Afadhali safari moja ndefu, yenye mahali pa kulala, ambayo kwayo vipimo, mguu na mafunzo vinakamilika, kuliko safari nyingi zisizokamilisha lolote. Ufuatiliaji ndio usogezwe karibu na nyumbani, kwa kuwafundisha wahudumu wa zahanati kukagua kigutu na kutambua dalili za hatari.

Hospitali ya KCMC kule Moshi ilianzishwa chini ya Shirika la Msamaria Mwema, na tangu mwaka 1981 kipo hapo chuo cha TATCOT, kinachofundisha wataalamu wa viungo bandia kutoka nchi nyingi za Afrika. Jina hilo la Msamaria latufaa kulikumbuka. Msamaria hakuishia kufunga majeraha: alimfikisha mtu yule katika nyumba ya wageni, akamtunza, akaacha fedha, na akaahidi kulipa gharama zitakazozidi.

Kwa hiyo, bahasha ya mchango itakapopita tena, tuulize maswali mawili. Je, huko anakokwenda ndugu yetu, atafundishwa kutembea? Je, tumeweka akiba ya nauli, malazi na matengenezo ya baadaye? Na wenye mamlaka ya kupanga huduma za hospitali, tunawaomba wasijenge karakana bila ukumbi wa mazoezi kando yake.