Madoa ya Nguo: Maji Baridi Kwanza

Katika nyumba nyingi za wafanyakazi Jumapili ni siku ya kufua. Sare za watoto zinasubiri Jumatatu, ovaroli imerudi kutoka karakana, na shati jeupe lililovaliwa harusini jana linaonyesha wazi mahali mchuzi ulipodondokea. Nguo zenyewe si nyingi. Mtoto mwenye mashati mawili ya shule, moja likiharibika, hubaki na lile la pili, ambalo itabidi lifuliwe kila jioni na kuvaliwa asubuhi kola ikiwa bado na unyevu. Kwa sababu hiyo leo tutazungumza juu ya madoa, na namna ya kuyaondoa bila kuiua nguo.

Mara nyingi kinachoiharibu nguo si doa, bali ni pupa ya kuliondoa. Mtu huona alama, huchemsha maji, humwaga sabuni ya unga, husugua kwa nguvu zake zote, kisha hushangaa kuona alama imekaa palepale na kitambaa kimechakaa. Kabla ya kugusa sabuni, jiulize: hiki ni kitu gani? Damu haitoki kwa njia inayotoa grisi, wala kutu haisikii dawa ya wino. Usipofahamu, anza na maji baridi, kwa kuwa hayo ni nadra kulikaza doa.

Chukua damu. Damu ina asili moja na ute wa yai, nawe unajua vizuri yanayoupata ute ukigusa kikaango chenye moto: huganda, na hakuna awezaye kuuyeyusha tena. Damu nayo huganda vivyo hivyo ndani ya nyuzi za shuka ikimwagiwa maji ya moto. Iloweke katika maji baridi yenye chumvi, uyabadilishe yakigeuka mekundu, ndipo upake sabuni. Fanya hivyo pia kwa yai, na kwa maziwa aliyocheua mtoto mchanga.

Chai ya maziwa ina hila zaidi, kwani ni madoa mawili katika kikombe kimoja. Maziwa yanataka maji baridi, na rangi ya majani ya chai inataka maji ya moto. Tangulia na baridi mpaka utelezi wa maziwa uishe, kisha, ikiwa nguo ni ya pamba, itandaze juu ya beseni na umiminie maji ya moto polepole mahali penye doa. Usiisugue kwanza kwa sabuni ya mche, maana sabuni hiyo huifanya rangi ya chai ishike. Tumia ya unga.

Tuje kwenye bizari ya manjano, ambayo huwatia watu wengi hofu bure. Kanzu nyeupe yenye tone la mchuzi ikipakwa sabuni, doa la njano hugeuka jekundu mbele ya macho. Hapo ndipo yule binti anayesaidia kazi za nyumbani huitwa, akafokewa kwamba ameharibu kanzu ya watu. Hakuharibu kitu. Manjano hubadilika rangi ikikutana na sabuni au magadi, na ikisuuzwa vizuri, au ikidondoshewa maji ya ndimu, hurudi kuwa njano. Ondoa mafuta ya mchuzi kwa sabuni, suuza sana, kisha anika kanzu juani ingali mbichi. Jua ni adui mkubwa wa rangi ya manjano. Pengine itahitaji siku mbili au tatu, lakini doa litafifia.

Kutu hutokana na misumari, vifungo vya chuma na zile kamba za waya tunazoanikia nguo uani. Kamulia ndimu juu ya doa, nyunyiza chumvi, weka juani, na kila pakikauka ongeza ndimu. Kisha suuza kabisa, kwa sababu ndimu ikiachwa huidhoofisha pamba. Kwa kitenge au khanga, jaribu kwanza kwenye pindo, maana kuna rangi zisizoivumilia ndimu.

Hapa sina budi kusema kwa ukali kidogo. Dawa ya klorini ya kung'arisha nguo, ambayo wengi wetu huiita jiki, imegeuzwa kuwa tiba ya kila kitu. Siyo. Kutu ikipakwa dawa hiyo huzidi kukolea. Sufu na hariri huliwa nayo, na ule umanjano wa jasho kwenye makwapa huweza kuongezeka. La hatari zaidi ni kuichanganya. Dawa ya klorini ikikutana na ndimu au siki hutoa hewa yenye sumu inayochoma macho na mapafu. Hata ikichanganywa na dawa ya usafi yenye amonia hutoa hewa mbaya vilevile. Katika bafu dogo lisilo na dirisha, hilo si jambo la mzaha. Kama umetumia ndimu leo, usitie jiki leo. Wala usiihifadhi, au kuhifadhi mafuta ya taa, katika chupa ya soda. Mtoto mwenye kiu hatanusa kabla ya kunywa.

Mafuta ya taa yenyewe yana kazi yake. Grisi ya gari kwenye ovaroli haiogopi maji, lakini hulainika kwa mafuta ya taa kidogo yaliyotiwa kwenye kitambaa. Ifanye kazi hiyo nje, mbali na jiko la mkaa na mbali na sigara. Baada ya hapo fua kwa sabuni mara mbili, anika mpaka harufu iishe kabisa, na usiipige pasi kabla ya hapo. Kwa tone dogo la mafuta ya kupikia huna haja ya yote hayo: nyunyiza poda ya mtoto, iache inyonye, ipanguse, kisha fua.

Wino wa kalamu kwenye mfuko wa shati hutolewa kwa spiriti. Weka kitambaa safi chini ya doa na ugonge kwa pamba yenye spiriti upande wa nyuma, ili wino ushuke badala ya kutanuka. Utomvu wa fenesi unaushinda kwa mafuta ya kupikia, yaleyale tunayopaka mikononi kabla ya kulipasua, halafu sabuni. Ukungu wa masika unataka brashi kavu nje ya nyumba, sabuni, na jua kali.

Kwa mwenye maji ya mgawo, habari njema ni kwamba doa likishughulikiwa peke yake halihitaji ndoo nzima. Kikombe kimoja cha maji baridi usiku huohuo huokoa ndoo mbili za kesho. Na kabla ya kuipiga pasi nguo, itazame kwenye mwanga; doa lililobaki likipigwa pasi litakuwa mwenyeji.

Umebaki utomvu wa ndizi na maji ya mabibo. Hayo yakiwahiwa yangali mabichi yanaweza kupungua. Yakishakuwa meusi, usiteketeze fedha kwa dawa. Nguo hiyo iwe ya shamba, na ikichakaa iwe tambara la kupigia deki. Vifungo vyake tu vikate uvitunze.